Ile filme ya kwetu, watu wa kwetu ndio wa kwanza kuiona

Goma, Novemba 2023



Kuna habari inazunguka kwenye oditwari na kwenye makundi yetu ya WhatsApp: hapa mjini kunafikiriwa kufungua masomo ya sinema katika chuo kikuu. Wengine wamefurahi. Wengine wamecheka: "Maji ku robine hakuna, sasa tunataka Hollywood?" Sisi tunasema masomo hayo yafunguliwe, tena haraka. Lakini kabla chuo hakijanunua kamera ya kwanza, kuna swali moja linapaswa kujibiwa mbele ya watu wote: filme zitakazotoka pale zitakuwa za nani?

Naandika nikiwa na diploma ya mawasiliano ndani ya sanduku, chini ya kitanda, na kazi hakuna. Asubuhi nauza unité na mega karibu na rond-point Signers. Sitaki kuanza na maneno makubwa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, juu ndilo lilinifundisha zaidi kuliko miaka yote ya masomo.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Moto ulishuka upande wa Buhene, ukala nyumba, mashamba na kipande cha barabara ya Rutshuru. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, tuliambiwa kartie 10 za mji zihame mara moja. Mnakumbuka ile siku: magodoro juu ya kichwa, watoto mkononi, njia ya Sake imejaa hadi mtu hawezi kugeuka. Tuliporudi nyumbani, mji ulijaa kamera.

Nilikuwa namaliza mwaka wa mwisho. Timu moja ya video kutoka inchi ya nje ilikuwa inatafuta kijana anayejua Kiswahili na Kifaransa. Walinipa dola 20 kwa siku, na kwangu ilikuwa pesa mingi sana. Tukaenda Buhene kwa mama mmoja ambaye nyumba yake ilifunikwa yote. Alisimama juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, akazungumza karibu saa nzima. Alikuwa anaonyesha kwa mkono: hapa jiko lilikuwa hapa, pale mti wa avoka, kule mpaka na jirani. Akasema anaogopa kitu kimoja. Kesho mkubwa fulani atakuja na karatasi na kusema kiwanja ni chake, juu alama zote za mpaka zimekwenda chini ya lava. Alitaka watu wamuone amesimama pale, wasikie majina ya majirani zake, wajue kwamba pale ni kwake.

Mwenye kamera alinigeukia: "Fupisha." Nikafupisha. Nikasema kwa Kifaransa: "Amepoteza vyote, anaomba msaada."

Mama hakuomba msaada. Alikuwa anatoa ushahidi. Maneno yake niliyaua mimi, mtoto wa hapa, kwa dola 20.

Tulipokuwa tunaondoka aliniuliza kama tutamletea ile filme aione. Nikajibu ndiyo, bila kuuliza wenye filme. Miezi ikapita. Siku moja binamu yangu aliye Kampala akanitumia kipande kwenye simu: sekunde kama 40, mama analia, muziki wa piano, na chini yake maneno yangu. Sikupata nguvu ya kumpelekea. Hadi leo tukikutana soko ya Virunga ananiuliza: "We njo ulisemaka batatuletea ile filme. Iko wapi?"

Sikuandika haya ili kutukana wageni. Nataka tuone kitu kimoja. Miaka yote niliyokaa chuoni nilifundishwa nadharia za mawasiliano, majina ya wataalamu wa Ulaya na Marekani, namna ya kuandika TFC. Kamera ya idara yetu niliiona mara mbili, ndani ya kabati. Na hakuna siku hata moja mwalimu alituuliza: mtu akikupa sura yake na sauti yake, wewe unabaki na deni gani kwake? Kama masomo ya sinema yatafunguliwa bila swali hilo, tutazalisha mafundi mia wa kufupisha. Watakuwa wa hapa, wataongea Kiswahili safi, na wataua maneno ya mama zetu vizuri kuliko wageni.

Wacha tuseme pia kwamba sinema hapa haianzi na chuo kikuu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 Yole!Africa, iliyoanzishwa na mtengenezaji filme Petna Ndaliko Katondolo, imefundisha vijana wa Goma kushika kamera na kufanya montaji, na tamasha la sinema la Salaam Kivu limekusanya vijana wa mji huu hata wakati wa shida. Chérie Rivers Ndaliko, aliyefundisha katika University of North Carolina kule Marekani na aliyefanya kazi pamoja na Yole!Africa, alitoa mwaka 2016 kitabu kinachoitwa Necessary Noise. Ndani yake anaeleza namna muziki na filme za Mashariki ya Kongo zinavyopambana na pesa za misaada zinazotaka kutuona na sura moja tu. Kwa hiyo chuo kikuu kikija leo na kusema "sisi ndio tunaleta sinema Goma," kitakuwa kinadanganya. Kije kwa adabu, kibishe hodi kwa wale walioitunza bila diploma.

Angalieni pia Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Alisomea udaktari kabla ya kuingia kwenye sinema. Mwaka 2020 alitoa En route pour le milliard, filme juu ya wahanga wa Vita vya Siku Sita, ile vita ya Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani na kuacha watu bila mikono na miguu. Wahanga hao walikuwa na chama chao tayari, na madai yao tayari. Walipanda mashua, wakashuka mto hadi Kinshasa kudai haki yao kwa serikali, na yeye akasafiri pamoja nao. Filme hiyo ilichaguliwa Cannes mwaka huo. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Hatusemi filme ndiyo ilileta hukumu. Tunasema kwamba wahanga wale walikuwa na neno lao na walijua wanakwenda wapi, na kamera iliwafuata. Ile tofauti ndogo, nani anamfuata nani, ndiyo tunataka ifundishwe.

Kuna watakaosema hii ni ndoto ya vijana wa barabarani, chuo kikuu hakifanyiwi hivyo. Basi tuwape mifano miwili ya vyuo.

Wa kwanza uko Afrika. Mwaka 1978 Msumbiji ilikuwa imepata uhuru miaka mitatu tu. Mfaransa Jean Rouch alifanya pale mafunzo ya filme katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo. Walitumia kamera ndogo za Super 8, za bei nafuu. Kazi yao ilikuwa hivi: wanapiga picha, wanasafisha filme palepale, wanakata na kuunga, na haraka wanarudi kuwaonyesha wale wale waliopigwa picha. Mtu hakungoja miaka ili ajione. Kutoka mafunzo hayo ndiyo baadaye ikazaliwa shule ya Ateliers Varan kule Paris. Sikieni vizuri: njia ilitoka Maputo kwenda Paris.

Wa pili uko mbali, Kanada, kisiwa cha Fogo upande wa Newfoundland. Miaka ya 1960 samaki walikuwa wanawaponyoka wavuvi wadogo, na serikali ilikuwa na mpango wa kuhamisha watu wa vijiji kama vile. Mwaka 1967 Colin Low wa shirika la filme la taifa alikwenda pale akishirikiana na chuo kikuu cha Memorial. Walitengeneza filme fupi zaidi ya 20, na waliozungumza ndani walikuwa wa kwanza kuziona. Filme zikazungushwa kijiji kwa kijiji, wavuvi wa huku wakasikia wavuvi wa kule wanalia kilio kimoja. Kisha zikapelekwa kwa wakubwa wa serikali, na majibu ya wakubwa yakarudishwa kisiwani. Wavuvi waliunda ushirika wao, wakaendelea kuishi Fogo. Filme zenyewe hazikuwa nzuri sana kwa macho ya watu wa sinema. Lakini zilifanya kazi.

Sasa turudi Goma. Tuko na ziwa mlangoni, na bado mama anaamka saa kumi za usiku kutafuta bidoni mbili za maji. Fikiria wanafunzi wanne wanafuata bidoni moja kutoka ufuko wa Kituku hadi Ndosho: nani anaijaza, nani anaisukuma juu ya chukudu, bei inapanda wapi, nani anakunywa, nani anaugua. Dakika 15 tu. Inaonyeshwa Ndosho kwanza, kwenye shuka jeupe, na watu wanasahihisha: "Hapa mmekosea, ile bei ni ya mwaka jana." Kisha inaonyeshwa kwa wakubwa wa maji, na jibu lao linarudishwa Ndosho. Hayo ni masomo. Na ni uraia pia.

Ili yawezekane, tunapendekeza mambo sita, na tunaomba kila mmoja ayajadili kwenye avenii yake.

Moja. Mapatano yaandikwe kabla ya mwanafunzi wa kwanza kulipa minervali. Pande za mapatano ziwe chuo kikuu, vyama vya kartie, wamama wauza sambaza, wasukuma chukudu, redio za jamii, vikundi vya sanaa, na kamati za wakimbizi wa Bulengo na Kanyaruchinya, wanaopigwa picha karibu kila siku na hawajui picha zinaenda wapi. Viti vya baraza la programu vigawanywe nusu kwa nusu. Mshirika anayeitwa siku ya kukata utepe tu, huyo ni pambo.

Mbili. Onyesho la kwanza lifanyike pale filme ilipopigwa, kwa lugha ya watu wa pale: Kiswahili, Kinyarwanda, Kinande, Kihunde, Mashi. Jury ya walimu ingoje. Mwanafunzi asipewe pointi kama hajaleta daftari ya yale watu walimwambia baada ya kuona.

Tatu. Kila mtu awe na haki ya kusema "hapana," hata baada ya kukubali. Mama aliyebakwa, mtoto, mtu anayetafutwa na wenye silaha: sura ikitoka haiwezi kurudishwa. Ruhusa isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtu anayemwamini. Sahihi ya haraka juu ya karatasi ya Kifaransa haitoshi.

Nne. Wanaojua kazi wafundishe, hata kama hawana licence. Tuko na wapiga picha wa arusi wanaojua mwanga wa saa kumi na moja kuliko kitabu chochote, na watu wa redio wanaojua kusafisha sauti wakati jenereta ya jirani inapiga kelele. Na mlango uwe wazi upande wa pili: kijana asiye na diploma ya Serikali, aliyeletwa na chama chake, aweze kusoma kwa cheti. Bila hivyo, watakaosimulia Majengo na Birere watakuwa watoto wa Himbi peke yao.

Tano. Kila filme iwe na kopi mbili, moja chuoni na moja kwa chama mshirika, kwenye diski inayohifadhiwa vizuri, pamoja na majina na tarehe. Mji wetu umechomwa na lava mwaka 2002 na 2021, umepigwa na vita. Picha za wazazi wetu ziko Bruxelles kuliko hapa. Tusijenge nyumba nyingine ya kumbukumbu ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja.

Sita. Pesa zihesabiwe mbele ya watu. Kama kuna mfadhili, tujue ametoa kiasi gani na ameomba nini. Na tuanze na kidogo. Darasa la watu 24, makundi sita ya watu wanne, kila kundi na simu moja yenye kamera nzuri, mikro moja na mguu wa kamera. Semesta ya kwanza iwe ya sauti tu, bila picha, ili mwanafunzi ajifunze kusikiliza hadi mwisho. Mimi kama ningefundishwa kusikiliza, nisingefupisha.

Tunajua mtatujibu nini. Wa kwanza atasema: "Vyama vitataka perdiem." Ndiyo, wengine watataka. Mama anayeacha meza yake sokoni kuja kwenye mkutano wa saa tatu amepoteza chakula cha siku ile. Kumlipa muda wake ni haki, kama vile mwalimu analipwa wake. Iandikwe kwenye mapatano, isifichwe.

Wa pili atasema: "Kartie itataka kusifiwa tu, filme itakuwa propaganda." Hatari hiyo iko. Shefu wa kartie anaweza kukasirika akionyeshwa mahali pesa za barabara zilipotelea. Ndiyo sababu mshirika asiwe mtu mmoja, na mwanafunzi abaki na haki ya kusema ukweli wake. Lakini mtu atakayeonyesha filme yake mbele ya watu 200 wanaomjua, atafikiri mara mbili kabla ya kudanganya. Anayeionyesha Paris peke yake hana wa kumsahihisha.

Wa tatu, na huyu tunamsikiliza zaidi, atauliza kama usalama unaruhusu. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya état de siège. Mwanafunzi aliye peke yake na kamera barabarani ni mtu wa kukamatwa, na kamera yake inaweza isirudi. Hapa tena washirika si pambo. Mwanafunzi aliyeingia Mugunga pamoja na mama wa chama, na watu wa avenii wanamjua jina, ako na watu wa kumsemea. Barua ya rectorat peke yake haikimbii kumtetea mtu saa mbili za usiku.

Na kazi? Mimi sina, basi sitawadanganya. Masomo ya sinema hayatatupa kazi sisi wote. Lakini kazi ndogo ndogo ziko: kutia maneno ya Kiswahili chini ya filme, kuhifadhi picha za vyama, montaji za redio na televisheni za hapa, kutafsiri bila kufupisha. Leo mingi ya kazi hizo zinafanywa na watu wa nje juu yetu, na sisi tunapewa dola 20 za kushika mfuko. Diploma inayojengwa pamoja na watu watakaohitaji kazi yako ina nafasi kidogo zaidi kuliko ile yangu ya chini ya kitanda.

Mwisho, tujiangalie sisi wenyewe. Ndani ya harakati yetu pia tunapiga picha. Tunaingia na simu, tunapiga mama anayelia, kijana anayevuja damu, sura za wenzetu kwenye maandamano, na ndani ya dakika mbili iko Facebook. Tumemuuliza nani? Kuna wenzetu waliotambuliwa na kufuatwa sababu ya picha tulizoweka sisi, kwa furaha yetu. Tukitaka chuo kikuu kiheshimu watu, tuanze leo: kabla ya kubonyeza, uliza. Kabla ya kuweka, onyesha. Akikataa, futa.

Tunawaomba vijana walioko vyuoni wapeleke mapendekezo haya kwa wakuu wa vitivo vyao, kwa maandishi, na waombe jibu kwa maandishi. Tunawaomba walioko kwenye vyama vya kartie wasingoje kualikwa: andikeni filme gani mnahitaji, na ni kitu gani hamtaki kipigwe picha. Walimu wenye moyo wa kazi hii, tunajua mko, jitokezeni.

Na mimi? Wiki iliyopita nilipanda Buhene na simu ya rafiki yangu na mikro ya kuazima. Yule mama alinikaribisha, akaniacha nimesimama kidogo, kisha akasema: "Leo utaikata tena?" Nikamwambia hapana. Akazungumza dakika 52. Jumapili tutaiangalia kwake, pamoja na majirani aliowataja, wale wanaojua mti wa avoka ulikuwa wapi. Wakisema nimekosea, nitarudia.